Historia Fupi ya Kudhibiti Joto la Maji: Somo Tulilolipata Nyakarenzo

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Ni methali ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha kwa miaka mingi, tukiwaeleza wanafunzi kwamba vitisho vitupu havibomoi kitu. Hata hivyo, katika ziara moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha wilayani Rusizi, tulilala siku tatu katika nyumba moja ya wageni huko Nyakarenzo, na huko tuligundua kwamba maji ya moto, hata kama hayachomi nyumba, yanaweza kumtoa mtu kazini.

Nyumba hiyo ina hita moja kubwa ya umeme inayohudumia vyumba vyote. Tangi lake lina ujazo wa lita 500, na ndani yake mna koili tatu zenye nguvu ya kilowati 6 kila moja. Hita yenyewe ililetwa kutoka Amerika ya Kaskazini ikiwa imekwisha kutumika. Asubuhi ya kwanza maji yalitoka vuguvugu. Asubuhi ya pili umeme wa nyumba nzima ulikatika alfajiri, tukaoga maji ya baridi. Wageni walilalamika. Mwenye nyumba akamgombeza mzee anayetunza mitambo mbele yetu, akamwambia kwamba jambo hilo likitokea tena atafute kazi kwingine.

Baadaye mzee huyo alitufuata uani akiwa na kijitabu mkononi. "Walimu," alisema, "ninyi ni watu wa lugha. Munisomee hiki kitabu. Mimi moto naujua tangu utoto, lakini hii mashini inasema lugha ambayo mimi siijui."

Alitupeleka kwenye hita. Kwenye kioo chake kidogo palikuwa na namba 95. Tulitazamana. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama tunavyosoma vitabuni. Nyakarenzo haiko mbali na ziwa. Kwa hiyo, kama namba ile ilikuwa kweli, maji ya tangi yalipaswa kuwa yanatokota. Mbona tulioga maji ya vuguvugu?

Makala haya yametokana na swali hilo. Hatuandiki kama mafundi, kwani sisi si mafundi. Tunaandika kama walimu wa lugha waliolazimika kufuata historia ya chombo ili waelewe namba moja. Tunakusudia kuonyesha jinsi binadamu alivyohama kutoka kupima joto la maji kwa mkono hadi kuliagiza kwa kitufe, kwa nini hita kubwa huwashwa kwa hatua, na kwa nini safari yote hiyo inaweza kuharibika kwa sababu ya herufi moja.

Joto kabla ya namba

Kabla ya kipimajoto kuvumbuliwa, watu walipima joto la maji kwa mwili na kulitaja kwa maneno. Hata leo mama anayemwogesha mtoto mchanga huchovya kiwiko kwanza. Kiswahili kina ngazi zake za joto: maji ya baridi, maji ya vuguvugu au fufutende, maji ya moto, na maji yanayotokota. Kinyarwanda nacho kina akazuyazi kwa maji ya vuguvugu. Kutokana na kitenzi gushyuha, yaani kuwa moto, tunapata neno amashyuza, chemchemi za maji ya moto.

Wakazi wa Rusizi hawahitaji kamusi kulielewa neno hilo. Katika sekta ya Nyakabuye, upande wa Bugarama, kuna amashyuza ambako watu wamekuwa wakienda kuoga wakiamini kwamba maji yale hutuliza maumivu ya mwili. Pale joto halidhibitiwi na mtu yeyote. Anayeona maji yamemzidi husogea mbali na jicho la chemchemi, na anayeona baridi hulikaribia. Kudhibiti joto ni kuchagua mahali pa kukaa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wa namna nyingine. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kuna mtaa unaoitwa Hamamni, jina lililotokana na bafu la umma lililojengwa wakati wa utawala wa Sultani Barghash bin Said (1870 hadi 1888). Mjenzi wake alikuwa Haji Gulamhussein. Watu walilipa ili kuoga, na maji yalipashwa moto kwa tanuri la kuni. Bila shaka hiyo ilikuwa huduma ya kibiashara ya maji ya moto miaka mingi kabla ya hita ya umeme. Kidhibiti cha joto katika bafu kama hilo kilikuwa binadamu: mtu aliyekaa na moto, akiongeza kuni au akizipunguza kwa kusikiliza sauti za waogaji.

Mtu huyo wa motoni hatumpi nafasi katika vitabu vya historia, ingawa alifanya kazi tatu kwa pamoja. Alihisi joto, akalilinganisha na joto lililotakiwa, kisha akaurekebisha moto. Hita za kisasa hazikuongeza kazi ya nne. Zilichukua kazi zake tatu na kuzigawa miongoni mwa vifaa.

Namba zinapoingia

Kazi ya kwanza kuchukuliwa ilikuwa ile ya kuhisi. Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyezaliwa mwaka 1686 katika mji wa Danzig, alitengeneza kipimajoto cha zebaki kilichoaminika na mwaka 1724 akachapisha kipimo chake. Katika kipimo hicho, kama kilivyokuja kutumika, maji huganda kwa nyuzi 32 na kuchemka kwa nyuzi 212.

Mwaka 1742 Anders Celsius wa Sweden alipendekeza kipimo cha nyuzi 100 kati ya kuganda na kuchemka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Celsius alikipanga kipimo chake kinyume na tunavyokijua leo: 0 ilikuwa ya maji yanayochemka na 100 ya maji yanayoganda. Alifariki mwaka 1744, na kipimo kikageuzwa kuwa kama kilivyo sasa. Jina lenyewe lilichelewa pia. Wengi wetu tulifundishwa na walimu waliosema "sentigredi", ingawa mkutano wa kimataifa wa vipimo ulikubali jina la Selsiasi mwaka 1948.

Kwa hiyo namba ya joto si kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Ni makubaliano ya watu kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa sababu saa zetu zinatufundisha kila siku. Mgeni akiambiwa basi linaondoka saa moja asubuhi, akatafuta mshale unaoelekea kwenye 1, atafika kituoni saa sita baadaye na kulikosa. Mshale unaelekea kwenye 7, nasi tunasema saa moja kwa kuwa tunahesabu tangu kucha. Hali kadhalika, pishi ilikuwa vibaba vinne, lakini uzito wake ulitegemea soko na kitu kilichopimwa. Namba bila kipimo ni sawa na kitenzi kisicho na kiambishi cha nafsi: kina maana, lakini hujui kinamhusu nani.

Historia ya ukoloni iliziweka namba hizi katika makundi. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, chini ya Waingereza, zilitumia ratili, futi na Farenhaiti hadi zilipobadili vipimo baada ya uhuru. Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani hadi mwaka 1916, kisha na Wabelgiji, na wote hao walitumia vipimo vya metriki. Mzee wa Mombasa huenda akakumbuka nesi akimwambia kwamba homa yake imefika 102. Mzee wa Rusizi hajapata kusikia homa ya namna hiyo. Kwake nyuzi ni za Selsiasi tu, na haoni haja ya kuuliza.

Makosa ya aina hii hayawapati wasiosoma peke yao. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya mafuta ilifanywa kwa ratili mahali palipotakiwa kilo. Marubani walifanikiwa kuishusha Gimli, katika jimbo la Manitoba, na abiria wote wakanusurika. Waliokosea walikuwa watu wenye elimu na vyeti.

Chombo kinachojisimamia

Kazi ya pili na ya tatu za mtu wa motoni, yaani kulinganisha na kurekebisha, zilichukua muda mrefu zaidi kuhamishwa. Katika karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyeishi Uingereza, alibuni tanuri na kiangulio cha mayai vilivyojirekebisha vyenyewe. Kimiminika kilichotanuka kwa joto kilisukuma kifuniko cha kupunguza hewa inayoingia motoni. Joto likishuka, kimiminika kilisinyaa na hewa ikaingia tena.

Katika karne ya 18 John Harrison, fundi saa wa Uingereza, aliunganisha kanda mbili za metali tofauti. Kwa kuwa metali moja hutanuka kuliko nyingine, ukanda huo hupinda joto linapobadilika. Miaka ya 1770 Mfaransa Bonnemain alitumia tofauti hiyohiyo ya metali kuongoza moto uliopasha maji ya kiangulio cha vifaranga. Kisha mwaka 1830 Andrew Ure wa Scotland alisajili kifaa cha aina hiyo na kukipa jina kutoka Kigiriki lenye maana ya kulifanya joto litulie. Jina hilo ndilo tunalolitamka leo themostati. Wengine husema kidhibitijoto, na sisi tunaona maneno yote mawili yanafaa mradi msikilizaji aelewe.

Maji ya kuoga yalifuata. Mwaka 1868 Benjamin Waddy Maughan wa London alisajili hita ya gesi iliyopasha maji papo hapo. Haikuwa na bomba la kutolea moshi, hivyo ilihatarisha maisha ya mwogaji. Mwaka 1889 Edwin Ruud, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi Pittsburgh, Marekani, alibuni hita yenye tangi iliyojiwasha na kujizima. Hita ya Nyakarenzo ni mjukuu wa chombo hicho.

Katika orodha hii kuna mtu mmoja ambaye sisi walimu tunapaswa kumkumbuka. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimboni Wisconsin, Marekani. Majengo ya chuo yalipashwa joto kutoka chini, na mtunza moto alilazimika kuingia darasani mara kwa mara kutazama kama wanafunzi wanaona baridi. Kila alipoingia, somo lilikatika. Mwaka 1883 Johnson alisajili kifaa cha ukanda wa metali kilichofunga mkondo wa umeme joto lilipofika kiwango fulani na kupiga kengele huko chini, ili mtunza moto arekebishe. Mwaka 1885 alishiriki kuanzisha kampuni ya vifaa hivyo mjini Milwaukee.

Tuitazame kengele hiyo vizuri. Haikumwondoa mtunza moto. Ilimpelekea ujumbe, na ujumbe ulifanya kazi kwa sababu pande mbili zilikubaliana maana ya mlio mmoja. Johnson alitatua tatizo la joto kwa njia ya mawasiliano.

Kwa nini hatua?

Msomaji anaweza kuuliza: kama themostati inatosha, kwa nini hita kubwa iwe na koili tatu zinazowashwa kwa hatua? Jibu liko katika hesabu. Kupasha lita 500 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi kunahitaji nishati ya kilowati-saa 23 hivi. Koili moja ya kilowati 6 itachukua karibu saa nne. Koili mbili zitachukua karibu saa mbili. Zote tatu zitamaliza kwa saa moja na robo hivi. Wageni kumi wakioga kwa pamoja, koili moja haitoshi. Mgeni mmoja akinawa uso, koili tatu ni nguvu za bure.

Ndipo ukaja utaratibu wa hatua. Fundi huweka kiwango lengwa, tuseme nyuzi 60. Kisha huweka pengo, yaani joto lishuke kiasi gani kabla hita haijaamka. Pengo likiwa nyuzi 3, koili ya kwanza huwaka maji yakifika 57. Ikiwa waogaji ni wengi na joto likaendelea kushuka hadi 54, ya pili huingia kusaidia. Likifika 51, ya tatu nayo huamka. Maji yanapopanda tena, ya mwisho kuingia huwa ya kwanza kutoka, na ile ya kwanza humalizia kazi. Aidha, huwekwa muda wa kungoja kati ya hatua na hatua, ili koili ya pili isikurupuke kabla ya kuona kama ya kwanza inaweza peke yake. Katika mitambo bora koili hupokezana zamu ya kuwa ya kwanza, isichakae moja huku nyingine zikistarehe.

Pengo nalo lina maana yake. Likiwa dogo mno, hita huwaka na kuzima kila mara, swichi zikaungua. Likiwa kubwa mno, mwogaji wa kwanza hupata maji ya moto na wa kumi akapata ya baridi.

Hatua zinahusu umeme pia. Koili moja ya kilowati 6 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 26. Mbili huvuta 52, na tatu huvuta 78. Swichi kuu ya nyumba ile ya wageni ni ya ampea 60. Wilaya ya Rusizi imezoeana na umeme kuliko wilaya nyingi za nchi yetu, kwa kuwa mto Ruzizi unaendesha mitambo ya Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ya Ruzizi II, iliyoko Mururu, tangu mwaka 1989. Lakini wingi wa umeme mtoni haupanui waya za nyumbani.

Hatuwezi kuzungumzia tangi la maji ya moto bila kutaja vali ya usalama, kwani hofu ya tangi kupasuka si hofu ya kijinga. Mfaransa Denis Papin aliweka vali ya namna hiyo kwenye chungu chake cha mvuke mwaka 1679. Pamoja na hayo, tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts, ililipuka na watu 58 wakafa. Msiba huo ulichangia kupatikana kwa kanuni za kitaifa za maboila nchini Marekani muongo mmoja baadaye. Mtu anayeogopa namba kubwa kwenye tangi anaogopa jambo lililokwisha kuua.

Hatari ya vuguvugu

Kama moto ni hatari, je, si afadhali tukae katikati, kwenye vuguvugu? Hapana. Mwezi Julai 1976 wanachama wa chama cha askari wastaafu walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Zaidi ya watu 200 waliugua homa ya mapafu isiyojulikana, na 34 wakafariki. Mwezi Januari 1977 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wamempata bakteria aliyehusika, akaitwa Legionella. Katika hoteli ile alishukiwa kuenea kupitia mitambo ya kupoza hewa, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba anapenda pia matangi na mabomba ya maji ya moto ambayo hayakupata moto wa kutosha. Hustawi kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, na mtu humvuta kwa matone madogo ya bafu la mvua.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi, na yasipungue 50 yakiwa katika mabomba. Lakini maji ya nyuzi 60 humuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwa nyuzi 49 huchukua dakika kadhaa. Kwa hiyo tangi huachwa liwe moto, na karibu na bomba la kuogea huwekwa vali inayochanganya maji hayo na ya baridi. Hapa mtu hachagui kati ya afya na usalama: kila kimoja kina mahali pake.

Kurudi Nyakarenzo

Sasa turudi kwenye namba 95. Tulipofungua kijitabu, kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, tuliona kwamba hita ile ilitoka kiwandani ikiwa katika Farenhaiti. Tulifuta kioo kwa kitambaa. Pembeni mwa namba palikuwa na herufi F, imefutika nusu, imebaki kama mkwaruzo. Nyuzi 95 za Farenhaiti ni 35 za Selsiasi. Tulikuwa tumeoga katika joto ambalo bakteria yule hulipenda.

Tulimuuliza mzee nani aliyeweka 95. Hakuficha. "Ni mimi," alisema. "Nilikuta 140. Nikasema, maji gani hayo ya 140? Itapasuka, iue wageni. Nikashusha mpaka 95, nikaona hapo yanakaribia kuchemka tu."

Hatukuona ujinga katika maneno hayo. Tuliona mtu anayejua kwamba maji hayavuki nyuzi 100 chunguni, aliyejua kwamba tangi linaweza kupasuka, na aliyewahurumia wageni. Hoja yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichokosekana kilikuwa herufi moja. Nyuzi 140 za Farenhaiti ni 60 za Selsiasi, kiwango kilekile kinachoshauriwa.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Wageni walipolalamika kwamba maji ni vuguvugu, alidhani koili hazisaidiani. Akabonyeza vitufe hadi hatua zote tatu zikaanza kwenye namba moja, na muda wa kungoja ukawa sifuri. Ilipofika alfajiri, waogaji wa kwanza walipofungua maji, koili zote ziliamka kwa pamoja, ampea 78 kwenye swichi ya 60, na nyumba ikaingia gizani.

Hatukugusa chochote. Kila mtu na kazi yake, na umeme na maji havina msamaha. Tulimweleza mwenye nyumba, naye akamwita fundi wa umeme kutoka Kamembe. Fundi alizima umeme, akakagua vali ya usalama, akasafisha chokaa iliyoganda kwenye koili, kisha akauliza kijitabu kinasemaje. Tulimsomea mstari kwa mstari, tukitafsiri kwa Kiswahili, na mzee akirudia kwa Kinyarwanda ili ahakikishe. Kiwango lengwa kikarudishwa 140. Koili ya kwanza ikawekwa kuanza kwenye 135, ya pili kwenye 130 baada ya kungoja dakika kumi. Ya tatu ililazwa mpaka waya na swichi kuu zitakapobadilishwa. Hadi vali za kuchanganya maji zilipofungwa, kila bafu liliwekewa tangazo la kuwaonya wageni wafungue maji ya baridi kwanza.

Kilichochukua muda mrefu hakikuwa vitufe, bali maneno. "Pengo" lilieleweka mara moja. "Hatua" ilieleweka pia, lakini mzee aliona "zamu" inamfaa zaidi, kwa kuwa koili zinapokezana kama walinzi. Tulikubaliana kwamba hatua ni kuongeza nguvu, na zamu ni kubadilishana uongozi. Kwa namna hiyo istilahi mbili zilipatikana mbele ya tangi, na mtumiaji mwenyewe akiwa mjumbe wa kamati.

Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na kwa watu wa Rusizi, wanaofanya biashara na Bukavu kila siku, kilikuwa lugha ya sokoni zamani kabla ya sheria hiyo. Lakini urasmi wa lugha haupimwi kwa matamko peke yake. Hupimwa pia mahali ambapo mtu mmoja anasimama mbele ya chombo, peke yake, akitakiwa kuamua jambo litakalogusa afya ya wengine. Hapo lugha ikikosekana, historia yote ya akina Drebbel, Ure na Johnson haimsaidii.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Katika somo la tafsiri, badala ya kutegemea matini za magazeti tu, kila mwanafunzi atafute maelekezo ya chombo kimoja kinachotumika kijijini kwao: hita, pampu, mizani, jokofu la dawa. Ayatafsiri, kisha ayapeleke kwa anayekitumia na kumsikiliza akiyasoma kwa sauti. Pale msomaji atakapokwama, hapo ndipo tafsiri ilipokosea. Na asiache namba yoyote bila kipimo chake.

Muhula uliofuata tulipita tena Nyakarenzo. Maji yalikuwa ya moto, na mzee alikuwa bado kazini. Karatasi yetu ya maelekezo ilikuwa imebandikwa ukutani ndani ya mfuko wa plastiki. Pembeni mwa kioo cha hita alikuwa amechora kwa rangi nyeupe herufi F kubwa, inayoonekana tangu mlangoni.